Che wa kwenye stika tunaye, Che wa Kigoma yuko wapi?

Mhariri, salaam na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu ile sura ya Che Guevara, yule daktari wa Argentina aliyepigana mapinduzi ya Cuba, manake imejaa kila sehemu mpaka watu hatuioni tena. Iko kwenye tisheti za mtumba, iko kwenye vioo vya nyuma vya daladala, iko kwenye madigadi ya bodaboda, iko kwenye kuta za saluni za kiume pembeni ya Bob Marley na Tupac. Sina ugomvi na hilo, mtu abandike anachokipenda kwenye chombo chake. Kinachoniuma ni kwamba huyu mtu alipita hapa kwetu, alivuka ziwa letu, alikaa Dar es Salaam akiandika, na hicho kipande cha maisha yake karibu hakuna anayekichora wala kukiimba wala kukiigiza, huko nje wanakiruka na sisi wenyewe ndo kabisa.

Juzi kati nilipanda bodaboda ina stika yake kubwa nyuma, nikamuuliza kijana, mdogo wangu huyu ni nani, akanijibu "huyo si mwanaharakati mzee, yule wa kina Bob Marley". Nikamwambia huyu alipita Kigoma kwenda Kongo kupigana, mwaka 1965. Aliegesha pikipiki pembeni kabisa akageuka kuniangalia, akaniuliza "Kigoma hii hii?" Kijana hana kosa lolote, nani amemwambia? Stika haina maneno, shuleni hakusikia, filamu hazimo, nyimbo hazimo, angejulia wapi.

Tuanze na hiyo picha yenyewe maana ina historia yake. Aliipiga Alberto Díaz Gutiérrez, anayejulikana kwa jina la Korda, tarehe 5 Machi 1960 pale Havana, Cuba, kwenye mkutano wa kuwaombolezea waliokufa meli ya La Coubre ilipolipuka bandarini siku moja kabla. Che alisogea mbele ya jukwaa kidogo tu, Korda akapiga mara mbili, basi. Kwenye picha yenyewe kamili kuna uso wa mtu mwingine pembeni unaonekana kwa ubavu, na upande wa pili kuna majani ya mnazi au mtende hivi, Korda akavikata vyote akabaki Che peke yake, nywele zinapepea, bereti ina nyota, koti limefungwa zipu mpaka shingoni, macho yanaangalia juu mbali. Gazeti alilokuwa anafanyia kazi halikuitumia ile picha, walichapa picha za wageni waliokuwepo siku hiyo, ikabaki imetundikwa ukutani kwake miaka kama saba hivi mpaka 1967 alipokuja mchapishaji wa Italia, Feltrinelli, akapewa nakala bila kulipa kitu. Che alipouawa Oktoba mwaka huohuo mabango yakachapwa kwa wingi Ulaya, na mwaka 1968 msanii wa Ireland, Jim Fitzpatrick, akaitengeneza ile nyekundu na nyeusi isiyo na kivuli cha katikati, na hiyo ndiyo mnayoiona kwenye bodaboda leo.

Kwahiyo hata hiyo sura tunayoijua imeshakatwa tokea mwanzo. Pembeni yake alikuwepo mtu akaondolewa, msiba ulikuwepo ukaondolewa, yale macho ni ya mtu aliyeko msibani yuko kwenye hasira na majonzi lakini ukiitazama kwenye tisheti unadhani anaiangalia kesho nzuri. Korda mwenyewe hakupinga watu kuisambaza, ila ilipowekwa kwenye tangazo la vodka alienda mahakamani Uingereza, mwaka 2000 wakamalizana nje ya mahakama akalipwa kama dola 50,000 akazitoa zote zikanunue dawa za watoto Cuba. Huyo mpiga picha namheshimu sana, aliijua thamani ya alichokifanya na alijua mpaka ni wapi.

Halafu ukiangalia sanaa nyingine zote zilizomhusu Che, utaona zinapenda vitu viwili, ushindi na kifo. Ushindi ni vita vya Cuba, milima ya Sierra Maestra, mji wa Santa Clara, kuingia Havana Januari 1959. Kifo ni Bolivia, kijiji cha La Higuera, 9 Oktoba 1967, na ule mwili uliolazwa juu ya sehemu ya kufulia nguo kwenye hospitali ya Vallegrande macho yako wazi, Freddy Alborta akapiga picha ambayo mpaka leo watu wanaifananisha na michoro ya zamani ya Yesu ameshushwa msalabani. Wanajeshi walitaka dunia ione amekufa kweli, wenyeji wao wakaona mtakatifu, wengine wakakata nywele zake wakaweka, na mpaka leo kule kuna watu wanamwashia mishumaa na kumuomba. Cuba nako sura yake ya chuma imefunika ukuta wa wizara ya mambo ya ndani pale Uwanja wa Mapinduzi, iko kwenye noti ya peso tatu, na mifupa yake iko Santa Clara tokea 1997. Hollywood walimuweka Omar Sharif mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya kifo. Ikaja ile ya 2004 ya safari ya pikipiki akiwa kijana mwanafunzi wa udaktari. Halafu 2008 Steven Soderbergh akatoa filamu ya zaidi ya saa nne, sehemu mbili, Benicio del Toro akashinda tuzo Cannes. Saa nne mhariri! Sehemu ya kwanza Cuba, sehemu ya pili Bolivia, na Kongo imerukwa, kama vile kati ya hapo alienda likizo.

Sasa nisimulie kilichorukwa, kwa wale ambao hawajawahi kusikia.

Desemba 1964 Che alisimama Umoja wa Mataifa New York akaongea kwa uchungu juu ya Kongo na kuuawa kwa Lumumba, waziri mkuu wake wa kwanza. Baada ya hapo akazunguka nchi za Afrika, Februari 1965 akafika Dar es Salaam akakutana na wapigania uhuru wa nchi mbalimbali waliokuwa wamejaa hapa, maana Kamati ya Ukombozi ya OAU, ule Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapahapa. Aprili 19 akarudi tena, safari hii kwa siri, ndevu kanyoa, pasipoti ina jina jingine, yuko na wenzake Víctor Dreke na José María Martínez Tamayo. Wakajipa majina ya namba za Kiswahili, Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, na kamanda mwenyewe akawa Tatu, wakisema huyu wa tatu ni daktari tu na mkalimani wa Kifaransa. Wakasafiri kwa gari mpaka Kigoma, nyie mnaoijua njia ile fikirieni mwaka 1965 ilikuwaje, na usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili wakavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kibamba upande wa Kongo. Wacuba wengine wakawa wanafuata kidogokidogo njia ileile, wote weusi isipokuwa wachache, mpaka wakazidi mia moja.

Kule mlimani alikaa miezi saba na waasi wa Kikongo waliokuwa wanapigana na serikali yao. Alikuwa anatibu wanakijiji. Alipewa kijana wa Kikongo, Freddy Ilanga, amfundishe Kiswahili, na huyo Ilanga baadaye alienda Cuba akasoma akawa daktari. Alipata habari ya kifo cha mama yake akiwa kulekule, mama alifariki Mei 1965 huko Argentina na mtoto yuko kwenye baridi ya milima juu ya ziwa. Pumu inambana, anaharisha, anakonda. Mwisho wa Juni wakashambulia ngome ya Bendera kwenye kituo cha umeme wa maji, wakapigwa vibaya, Wacuba wanne wakafa na maadui wakakuta kwenye maiti vitu vya kuonyesha kwamba Wacuba wako Kongo, siri ikavuja. Viongozi wakubwa wa mapambano muda mwingi hawapo mstari wa mbele, Laurent Kabila anasubiriwa kila wiki na haji, au anakuja siku chache anarudi Kigoma. Wapiganaji wanategemea dawa ya mganga, ukipakwa risasi inageuka maji, ila usiguse mwanamke, usichukue kisicho chako, usiogope, na mtu akifa basi inasemwa alivunja mwiko.

Oktoba ile barua yake ya kuaga Cuba ikasomwa hadharani Havana na Fidel Castro, kiongozi wa Cuba, Che akaona sasa hata kurudi nyumbani kumekuwa kugumu. Mwanzoni mwa Novemba serikali yetu ikawaambia Wacuba kwamba msaada wa namna ile basi, maana nchi za Afrika zilishakubaliana kutoingilia. Tarehe 21 Novemba 1965 wakapanda boti kurudi Kigoma. Nafasi haikutosha, wapiganaji wengi wa Kikongo wakaachwa ufukweni wakiwa wanalia wanaomba wachukuliwe, na Che aliandika kwamba kuondoka kule kulikuwa na aibu na uchungu mkubwa. Siku tatu tu baadaye Mobutu akapindua nchi, akakaa zaidi ya miaka 30.

Halafu Tatu akakaa Dar, ndani ya ubalozi wa Cuba, hatoki, mkewe Aleida March akaja kwa siri kumuona mwanzoni mwa 1966, na humo ndani akaandika kumbukumbu zake za Kongo. Anaanza kwa kusema hii ni historia ya kushindwa. Maandishi yenyewe yalifungiwa miaka mingi, hayakutoka yote mpaka miaka ya 1990 inaisha.

Sasa niambieni nyie wachoraji, nyie waandishi wa tamthilia, nyie vijana wa Bongo Fleva mnaotaja jina la Che kwenye mistari ili ikae vizuri kwenye vina, kuna picha gani kali zaidi ya ile ya ufukweni usiku wa Novemba? Boti tatu, watu wanalia kwenye maji, na mtu maarufu duniani anakaa kimya hana cha kuwaambia, na ng'ambo taa za Kigoma. Ile ya Korda mmeshaichora mara milioni, ya ufukweni nani kaichora?

Nafikiri sababu ni kwamba sanaa ya biashara haijui la kufanya na mtu aliyeshindwa. Tisheti inauza ushindi, au inauza shahidi aliyekufa kijana mzuri wa sura. Mtu anayeharisha mlimani akisubiri mkutano ambao hautafanyika hauziki. Ila sisi kwa Kiswahili tunalo jibu tayari na ndo maana nakasirika. Kinjeketile si alishindwa? Vita vya Majimaji vya 1905 mpaka 1907 tulipoteza watu wengi mno, yeye mwenyewe Wajerumani walimnyonga mwanzoni kabisa, na maji yake ya dawa hayakuzuia risasi. Ebrahim Hussein mwaka 1969 akamtungia tamthilia inayosomwa mpaka leo, hakumficha kosa wala hakumdharau, alimuonyesha mtu anayejua kwamba neno lake limeshamzidi nguvu na watu wanakwenda kufa nalo. Hiyo ndiyo picha ya kiongozi wa mapinduzi ninayoiongelea. Alafu angalieni, dawa ya Kinjeketile na dawa ya wale wapiganaji wa Kibamba ni hadithi inayojibizana yenyewe, imepishana miaka 60, ziwa na nchi moja katikati, mtunzi yeyote mwenye jicho angeiona.

Kuna watu watasema kwanini tumtukuze mtu yule, alisimamia kesi na watu kupigwa risasi pale ngome ya La Cabaña, Havana, mwaka 1959, na akiwa kijana kwenye safari zake aliandika maneno ya dharau juu ya watu weusi. Ni kweli yote mawili, na nataka yachorwe pia. Huyohuyo aliyeandika vile akiwa na miaka ishirini na kitu ndiye aliyekuja kufundishwa Kiswahili na kijana wa Kikongo na kukaa chini ya makamanda wa Kiafrika, na bado kwenye kumbukumbu zake za Kongo kuna sehemu anawasema wenyeji vibaya mpaka unakereka, alafu ukurasa unaofuata anajisema yeye mwenyewe vibaya zaidi, kwamba hakukijua vizuri Kiswahili, hakuwa karibu na watu, alikuwa mkali na anajifungia na vitabu. Stika haiwezi kubeba hayo yote, nakubali, stika ni stika. Lakini tamthilia inaweza, riwaya inaweza, filamu inaweza, hata ukuta mmoja mrefu ukipewa mchoraji mzuri unaweza.

Na tusiseme hatuna utamaduni wa kuweka kumbukumbu, tunao. Nendeni Ujiji, pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, kuna mnara, kuna miembe inayosemekana ni kizazi cha mwembe wa siku ile, kuna makumbusho yana sanamu zao wawili wanasalimiana wamevua kofia, watalii wanapiga picha wanaondoka. Sipingi, ni historia yetu pia, na wazee wa Ujiji waliompokea Livingstone ni wa kwetu. Ila kutoka hapo mpaka ufukweni walikopandia boti kina Moja, Mbili na Tatu ni pua na mdomo, na mimi nimepita mji ule kwa shughuli zangu zaidi ya mara moja sijawahi kuona hata kibao cha mbao.

Tena mpaka picha zenyewe zipo. Kuna moja ya Kongo amekaa amempakata mtoto mdogo wa pale kijijini, hana pozi lolote, anaonekana amechoka, amekonda, ni baba aliyeacha watoto wake wadogo nyumbani, ukiiona hiyo ukarudi kwenye ile ya bereti unaona kama ni watu wawili. Mimi ningekuwa natengeneza stika ningeweka hiyo. Wachoraji wetu wa Tingatinga wanajua kuchora ziwa, wanajua mitumbwi, wanajua usiku, watalii wamewazoesha twiga na Kilimanjaro tu lakini mkono wanao. Na watu wa maigizo, ile miezi ya ubalozini Dar ni tamthilia ya chumba kimoja, haihitaji hela, mtu mmoja anaandika kushindwa kwake, nje mji unaendelea na maisha haujui kama yupo, mke anaingia kwa jina la uongo.

Ombi langu kwako mhariri ni moja na si kubwa. Tuma mwandishi Kigoma. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1965 sasa hivi yuko kwenye 80 huko, na kuna watu pale walioendesha boti, waliobeba masanduku usiku, waliowauzia samaki wageni wasiojulikana wametoka wapi, na Wakongo waliovuka wakabaki wakaoa wakawa Watanzania. Wengi wameshatangulia, waliobaki hawatatusubiri. Waulizwe wakiwa hai, warekodiwe kwa sauti zao wenyewe, hata wakisema hawakujua yule daktari mweupe ni nani, hiyo nayo ni habari. Mkiyachapa hayo, wachoraji na watunzi watakuwa na pa kuanzia, na hao maprodyuza wa filamu wanaolalamika kila siku hawana stori watakuwa hawana kisingizio. Na kama kuna msomaji wa gazeti hili ambaye babu yake au bibi yake wa Kigoma, au wa Uvira na Kalemie kule Kongo, aliwahi kusimulia habari za Tatu, naomba aandike hapahapa kwenye ukurasa huu.

Ni mimi msomaji wako,
Dar es Salaam